Karani na Kidole cha Baba Yake

Ukimwendea Karani na habari yoyote, hata kama ni kumwambia mvua inakuja na nguo zake ziko kwa kamba, alikuuliza kwanza: "Uliona, au uliambiwa?"

Mimi nilipenda kumjibu, "Niliota, Mzee," halafu natoroka. Hakuwahi kunikimbiza. Miguu yake ilikuwa ya mtu aliyekalia kiti cha ofisi miaka mingi. Tena alijua nitarudi tu, kwa sababu mlango wake ulikuwa hatua ishirini kutoka kwetu hapo mtaa wa West Indies, Eldoret, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mawe.

Sitakuambia alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Si kwamba nimesahau. Hiyo ndiyo shida yenyewe iliyonikalisha hapa niandike, badala ya kufanya hesabu za likizo.

Tulimwita Karani kwa sababu alikuwa karani kweli, ofisi ya vizazi na vifo. Nusu ya Eldoret aliiandika ikizaliwa na nusu nyingine akaiandika ikifa. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwandika. Alipotaka kitambulisho akiwa kijana, alipelekwa kwa daktari, daktari akamfungua mdomo, akaangalia meno, akakadiria mwaka.

"Kama ng'ombe sokoni," nilimwambia siku aliyonisimulia.

"Ng'ombe ana nafuu," akasema. "Anayemuuza anamjua mamake na babake."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke. Nikaufunga.

Baada ya kustaafu, kazi ilimfuata nyumbani. Watu wetu waliotoka upande wa ziwa hawaoi ndani ya ukoo wa baba wala wa mama. Nyumbani kila mtu anajua ni nani wa nani. Mjini watoto wanakutana kanisani au kwa foleni ya maji, wanapendana, na hakuna anayekumbuka jina la baba ya babu. Basi wazazi waliwatuma kwa Karani. Alikuwa na madaftari makubwa ya jalada gumu, ukoo kwa ukoo, ameyafungia ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia ili panya wasile mababu za watu.

Alikuwa na sheria moja ambayo mtaa mzima uliijua: habari mbaya haitoki mpaka chai iishe. Ukifika, akafungua daftari, halafu akasimama kuwasha jiko, ujue mambo ni mabaya. Kama ni mazuri alikuambia hapo hapo mlangoni, ukaenda na kiu yako.

Siku moja walikuja wawili kutoka mtaa wa Huruma. Kijana alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, msichana anauza nguo za mitumba. Mimi nilikuwa nimeketi kwa ngazi nikijifanya nasoma. Karani akapekua daftari la kwanza, akapekua la pili, akarudi kwa la kwanza. Akasimama kuwasha jiko. Yule msichana akaelewa. Akapewa kikombe akakishika kwa mikono miwili, hanywi. Kijana alimaliza chake. Karani akamaliza chake. Msichana ameshikilia tu, chai imefanya ngozi juu, anaangalia ukuta. Ilipita karibu saa nzima na Karani hakumharakisha. Mwishowe kijana akamwambia polepole, "Kunywa tu, mama. Tusikie."

Alikunywa. Baba ya babu zao alikuwa mtu mmoja.

Walipoondoka nilimuuliza, "Si ungewadanganya tu, Mzee? Nani angejua?"

"Daftari lingejua," akasema. Halafu akakaa bila kuosha vikombe mpaka jioni, na huyo alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kikombe kichafu.

Mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kalamu mbili, na usiguse. Nyeusi ilikuwa ya mambo yenye karatasi: cheti, kitabu cha kanisa, kipande cha utambulisho cha wakati wa mzungu, barua yenye muhuri. Ya buluu ilikuwa ya yale watu walimwambia kwa mdomo. Ukifungua ukurasa wa familia fulani unaona mara moja wanasimama wapi. Familia nyingi zilikuwa za buluu kama sare ya shule.

Yetu pia. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa historia alitaka tuchore mti wa familia, vizazi vinne. Mimi nikachora vizazi sita na nikaweka babu aliyevuka ziwa kwa kuogelea akiwa amebeba mahari kichwani, mbuzi wanne. Mamangu akaona, akanisukuma kwa Karani.

"Huyu wa mbuzi," Karani akasema, miwani puani, "uliona, au uliambiwa?"

"Nilibuni, Mzee."

"Afadhali. Wengi wanaokuja hapa wamebuni na hawajui." Akacheka kidogo kwa pua. Tangu siku hiyo akawa ananiita Mzaha. "Wewe Mzaha, umepita mtihani?" "Wewe Mzaha, mbona umevaa soksi mbili tofauti?"

Ila kwenye ukurasa wetu kulikuwa na jambo jingine. Kwetu imesemwa tangu zamani kwamba baba ya babu alikuwa askari hodari wa vita vya wazungu, na kila Krismasi wajomba wanamwongezea maadui aliowaua. Karani alikuwa amepata barua yake ya kuachishwa jeshi. Ilisema mpishi. Mamangu alinuna wiki tatu, hamsalimii hata wakikutana langoni. Karani akamtumia ujumbe kupitia kwangu: "Mwambie jeshi lisilokula halipigani. Ajivunie sufuria." Nilipoufikisha mamangu alicheka mpaka akakaa chini, na hivyo ndivyo walivyopatana.

Unaona basi alivyokuwa. Mdomo wa mtu hakuuamini mpaka karatasi iseme. Lakini katika lile daftari la mwisho, mkebe wa mwisho, kulikuwa na ukurasa mmoja wa buluu tupu ambao hakuwahi kuutilia shaka hata siku moja. Ulikuwa wake.

Mamake alikuwa amemwambia mambo matatu kabla hajafa, na Karani wakati huo alikuwa bado mtoto wa kuvaa kaptula. Kwamba babake alitoka Bunyore, kwa watu wanaokaa chini ya mawe makubwa. Kwamba jina lake lilikuwa lile ambalo Karani mwenyewe alilibeba. Na kwamba mguu wa kulia ulikuwa na vidole vinne; kile kidogo kilikatwa na jembe akiwa kijana, kwao. Basi. Babake alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Chepsaita, akaugua, akafa Karani hajaanza kutembea. Alizikwa kando ya mahindi. Baadaye trekta zilipita hapo hata hakuna anayejua ni wapi. Kwa kina mamake hakukuwa na nafasi ya mtoto wa kibarua.

Bunyore yote imejaa mawe makubwa. Utaanzia wapi?

Ndiyo maana hakuoa. Hili niliambiwa na mamangu, sikuliona. Alikuwa na msichana, akaenda kwao na soda na mkate, wazee wakamuuliza tu jambo la kawaida: "Wewe ni wa nani?" Akasema jina. "Ukoo gani? Ndugu zako waje tuongee nao." Hakuwa na wa kuleta. Waliongea naye vizuri, wakamkaribisha chakula, wakakataa. Mtu aliyekosa mke kwa kukosa ukoo akaketi miaka yote akiwatafutia wengine ukoo ili wapate wake. Nilikuwa sijaliwaza hivyo mpaka niliposikia, na kwa siku mbili sikumfanyia mzaha. Akadhani mimi ni mgonjwa.

Kitu kilichomsumbua uzeeni hakikuwa mke tena. Ilikuwa kaburi. Watu wetu mtu akifa mjini anarudishwa nyumbani, hata kama nyumbani ni mahali alipofika mara mbili tu maishani. Wanaobaki kwenye makaburi ya mji ni wale ambao hakuna aliyekuja, wamezikwa kwa namba bila jina. "Nitazikwa na watu wa namba," alisema siku moja akikata sukuma wiki. Nilimwambia si mbaya, atakuwa na wengi wa kuhesabu. Hakucheka, hata kwa pua.

Halafu ikatokea. Mama mmoja mkulima, mwenye kipande cha lile shamba la zamani huko Chepsaita, alibomoa stoo akakuta daftari la vibarua la wakati wa mzungu. Alikuwa karibu kulitumia kuwashia jiko. Mtu kanisani kwake akamwambia usichome, kuna mzee Eldoret anakula karatasi. Karani akaenda, akarudi jioni na ukurasa mmoja aliounakili. Jina la babake. Chifu fulani, kijiji fulani, Bunyore. Na mahali pa alama ya mwili: kidole kidogo cha mguu wa kulia hakipo.

Siku hiyo alinipa mandazi matatu bila kuniuliza swali lolote.

Sisi kila Desemba tunaenda kwa Kukhu, nyanya yangu, na ni huko huko Bunyore. Karani akaja nasi, amevaa tai. Kijiji kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwa Kukhu, nikaenda naye kwa sababu hakuna aliyenikataza. Tukapata boma. Tukapata mawe makubwa, kweli, mawili yameegemeana kama walevi. Wanaume wawili wa makamo wakatukaribisha. Karani akasema jina.

"Huyo ni wa hapa," mmoja akasema. "Kaka ya babu yetu. Lakini alikufa zamani sana, Mzee. Kaburi lake ndilo lile."

Kulikuwa na tuta na mawe yamepangwa kuzunguka. Karani akaliangalia. "Alikufa lini?"

"Sisi hatukuwepo. Kanisa linajua."

Kanisa lilikuwa hapo juu tu. Mzee wa kanisa akatoa kitabu cha maziko, kikuukuu, kurasa kama chapati. Jina lilikuwepo. Amezikwa nyumbani kwao. Mwaka ulikuwa miaka minne kabla ya ule mwaka daktari aliousoma kwenye meno ya Karani. Hata ukimpa daktari makosa ya mwaka mmoja au miwili, marehemu hazai.

Tulirudi pale bomani kuaga. Mama mmoja mzee sana, macho yake na ukungu, alikuwa ametoka jikoni na birika. "Mgeni akae," alisema. "Akae hapa karibu nami."

"Nimeshaona, Mama," Karani akasema. "Asante."

Hakukaa. Hakunywa. Mimi nilimeza changu haraka ikaniunguza ulimi, nikamkimbilia. Njiani akanieleza kana kwamba anasoma faili la mtu mwingine. Zamani kijana bila kile kipande cha utambulisho hapati kazi. Mtu akifa, mwingine anachukua kipande chake anaingia nacho shambani, na mzungu hajui tofauti. Kwa hiyo babake alikuwa mtu fulani tu aliyebeba jina la maiti.

"Na kidole?"

"Waliokosa kidole ni wengi, Mzaha. Majembe yalikuwa mengi."

Tuliporudi Eldoret nilimwona akifungua mkebe wa mwisho. Akachukua kalamu nyeusi akapiga mstari juu ya yale maneno matatu ya mamake, mstari mmoja ulionyooka, akitumia rula. Akaandika chini: *Hajulikani.* Akaenda kanisani kuwaambia wamzike makaburi ya mji, wasisumbue mtu. Wachumba wakija aliwaambia macho yamechoka. Februari akaanguka bafuni, na alipotoka hospitali mkono wa kulia ulikuwa umekufa, ule wa kuandika. Maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Aprili nikaenda tena kwa Kukhu, likizo. Kulikuwa na maziko ya jirani, kijana aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni. Habari ilikuja kwamba amekufa, mwili haukuja. Lakini jeneza lilikuwepo, limefunguliwa watu waage. Mimi na kiherehere changu nikajipenyeza mbele nikachungulia. Ndani kulikuwa na kipande cha mgomba kimelazwa, kimevalishwa koti na tai.

Nilicheka. Nasema ukweli. Niliuma leso, mabega yakanisaliti, Kukhu akanifinya mkono mpaka alama ikabaki.

Jioni akanieleza akichambua maharagwe. Mtu akipotea huko, mkakaa na kukaa, nyumba haiwezi kuacha mlango wazi milele. Wadogo zake watashindwa kuendelea na maisha yao. Kwa hiyo mgomba unalala badala yake.

"Na kanisa linaandika nini, Kukhu?"

"Linaandika jina lake. Ulitaka waandike ndizi?" Akapuliza maganda. "Hata kwa wale mliowaendea na Karani wako Desemba. Pale chini ni mgomba."

Sikucheka. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mlirudi mmenuna mkalala. Huyo ni mtu wa maofisi, nikajua anajua."

Hakuwa anajua. Alikulia huku juu bila mzee wa kumwambia mambo kama hayo, na vyeti vyote alivyowahi kugonga muhuri havina mahali pa kuandika mgomba.

Asubuhi nikaenda peke yangu. Mama wa macho ya ukungu alikuwa kwenye jua, miguu ameinyoosha. Nikamsalimu, nikajieleza, nikamuuliza habari za lile kaburi. Alipoanza kujibu nikamkatiza, Mungu anisamehe: "Uliona, Kukhu, au uliambiwa?"

"Niliona. Huyo ni kaka yangu. Nilikuwa msichana, nilitumwa maji ya kumwagia mgomba usinyauke kabla mchungaji hajafika. Kaka alienda mashamba ya huko juu. Barua moja ikaja, halafu kimya. Miaka. Mama akachoka kungoja."

"Na mguu wake?"

"Wewe nani amekuambia habari ya mguu?" Alinigeukia na yale macho. "Ni mimi. Tulikuwa tunapalilia, akasema nyoka, nyoka, karibu na mguu wake. Nikapiga jembe. Hapakuwa na nyoka. Alikuwa mtu wa mzaha."

Nikamuuliza siku ile alitaka kumwambia nini Karani.

"Nilitaka tu kumwangalia. Sioni mtu asipokaa karibu. Hakukaa." Akatafuta mkono wangu. "Mwambie aje. Na aharakishe, mimi pia si wa kungoja sana."

Nilifika West Indies saa kumi. Karani alikuwa kitandani ameegemezwa mito, ndevu zimeota upande mmoja kwa sababu kijana wa kumnyoa ana haraka. Sikumsalimu kwa mzaha wowote. Nikawasha jiko.

Akaliangalia lile jiko. "Ni... mbaya?"

"Kunywa kwanza, Mzee."

Akakishika kikombe na mkono wa kushoto. Hakunywa. Alikishikilia tu, anaangalia ukuta, kama yule msichana wa Huruma, na hapo nikashindwa. Nikavunja sheria yake nikamwambia yote kabla chai haijaguswa: mgomba wenye koti, kitabu cha kanisa, maji, barua moja, jembe.

Likaja polepole, neno kwa neno. "Uliona... au uliambiwa?"

Ningeweza kusema niliona. Mimi hudanganya walimu wanne kwa siku bila kutoa jasho.

"Niliambiwa," nikasema. "Lakini na aliyeona."

Chai ikamwagika kidogo kwa blanketi. Nikataka kuipangusa, akatikisa kichwa.

"Rudia... hapo kwa nyoka."

Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu niliigiza na sauti, nyoka, nyoka, na upande mzima wa uso wake ukacheka, ule mwingine ukabaki vile vile, na machozi yakashuka pande zote mbili.

"Daftari," akasema.

Nikafungua ukurasa wake. Mstari wa rula, *Hajulikani.* Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine aandike humo. Nikachukua kalamu nyeusi mfukoni mwa koti lake, kwa sababu nilitaka kumfurahisha.

"Acha uongo," akasema. "Ya buluu."

Nikaandika kwa buluu, chini ya mstari: jina la babake, jina la kijiji, kidole, jembe, dada yake. Akaniambia nimwonyeshe. Akautazama mwandiko wangu kwa muda.

"Kama kuku... amepita." Halafu: "Andika barua. Sema nakuja. Wiki ijayo."

Alikwenda wiki iliyofuata kama alivyosema, ila hakwenda ameketi. Barua yangu ilitangulia siku mbili tu. Wale wanaume wawili walikuja Eldoret wenyewe kumchukua. Walipoulizwa mochari wao ni nani wa marehemu, wakasema, "Ndugu," na karani wa hapo akaandika bila kuuliza zaidi.

Alizikwa chini ya yale mawe, kando ya mgomba. Shangazi yake aliletwa mbele ameshikwa mikono miwili. Walipomwekea udongo kiganjani akaukataa, akaomba jembe. Akainama karibu sana, karibu kabisa, kama anayetaka kumwona mtu vizuri. Alipoliinua lile jembe, sisi sote tuliosimama mbele tukarudisha miguu nyuma.

Hilo sikuambiwa. Niliona.